Amri chache zarudisha mifumo ya kubonyeza mikononi mwa kampuni

WAKATI kampuni hutunza kadi ya kila gari na risiti ya kila jenereta, mfumo wa kompyuta unaoidhinisha malipo ya mamilioni katika kampuni hiyohiyo unaweza kuwa hauna hati yoyote, hasa pale ulipotengenezwa na karani au mhasibu kwa kubonyeza-bonyeza badala ya kuandikwa na mtaalamu.

Njia ya kuziba pengo hilo ipo, na haiuzwi. Kwa wanaotumia Power Apps na jamaa zake wa Microsoft, ni chombo kidogo kiitwacho pac, kinachofanya kazi kwa amri zinazoandikwa kwenye dirisha jeusi, mtindo ambao waliotumia kompyuta zama za DOS wataukumbuka mara moja. Kazi yake kubwa ni kuuchukua mfumo uliojengwa kwa kipanya na kuutoa nje ukiwa mafaili, ambayo kampuni inaweza kuyatunza, kuyalinganisha na kuyahamisha kama inavyofanya na nyaraka zake nyingine.

Kwa mwenye mali, jambo hilo si la mafundi peke yao. Ni suala la nani anamiliki nini.

Soko la kubonyeza

Mifumo ya aina hii huitwa ya msimbo mchache, kwa sababu anayeitengeneza haandiki mistari mirefu ya maagizo. Anavuta kisanduku hapa, anachora kitufe pale, anachagua masharti kwenye orodha, na mwisho anapata fomu inayofanya kazi kwenye simu na kompyuta. (Wapo wanaosema “kodi chache”, lakini neno hilo sokoni lina wenyewe na linaogopesha.)

Jina lilianza kutumiwa mwaka 2014 na kampuni ya utafiti ya Marekani, Forrester. Biashara yenyewe ni ya zamani zaidi. OutSystems ilianzishwa Lisbon, Ureno, mwaka 2001, na Mendix ilianzishwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2005. Na kabla ya hapo, Microsoft ilikwisha kutoa Access mwaka 1992, programu ambayo ofisini iliwarithi akina dBase na FoxPro, na ambayo hadi leo kuna mahali inatunza orodha za wadaiwa.

Kwamba kuna fedha humo, hakuna ubishi. Mwaka 2018 Siemens ya Ujerumani iliinunua Mendix kwa euro milioni 600. Microsoft nayo ilifungua Power Apps kwa wateja wote mwaka 2016, na Oktoba 2021 ikashusha bei kwa nusu: leseni ya mtumiaji mmoja ilitoka dola 40 hadi dola 20 kwa mwezi, na ile ya mfumo mmoja kwa mtumiaji mmoja ikatoka dola 10 hadi dola 5.

Kwa bei hiyo ya dola 20, ofisi yenye watumiaji 40 hulipa dola 800 kwa mwezi, yaani dola 9,600 kwa mwaka, na kwa kuwa bei imepangwa kwa dola, kila shilingi inapoteleza ankara hupanda bila muuzaji kugusa kitu. Kampuni inayotoa kiasi hicho ingetarajiwa kuuliza inapata nini mkononi. Jibu ni kwamba inapata haki ya kutumia. Mfumo wenyewe, yaani fomu, majedwali na masharti ya idhini, unakaa kwenye seva za muuzaji, ndani ya kile ambacho wenyewe hukiita mazingira, na kwa kawaida umefunguliwa kwa jina la mfanyakazi aliyeutengeneza.

Urahisi ndio uliouza bidhaa hii. Karani wa stoo aliyechoka kuandika karatasi tatu kwa kila mzigo anajitengenezea fomu ndani ya wiki moja, bosi wake anaipenda, tawi la pili linaiomba, na baada ya mwaka mmoja kampuni nzima inaitegemea. Hakuna kikao kilichoipitisha. Hakuna aliyeandika jinsi inavyofanya kazi, kwa kuwa hapakuwa na msimbo wa kuandika.

Milioni 5 zikiwa 15

Mfano wa kubuni unaeleza hatari hiyo vizuri zaidi. Ichukuliwe kampuni inayosambaza saruji na mabati, yenye matawi matatu. LPO yoyote isiyozidi shilingi milioni 5 inaidhinishwa na meneja wa tawi. Ikizidi hapo inakwenda kwa mkurugenzi wa fedha. Sharti hilo limewekwa ndani ya mtiririko wa kazi uliotengenezwa kwa Power Automate, programu ambayo hadi mwaka 2019 iliitwa Microsoft Flow.

Ijumaa moja mkurugenzi yuko safarini, simu haipatikani, na mzigo unasubiri bandarini. Mwenye ufunguo wa mfumo anaingia, anabadili 5,000,000 kuwa 15,000,000 na LPO inapita. Jumatatu kila mtu ana kazi zake. Kiwango hakirudishwi.

Miezi minane baadaye mkaguzi wa hesabu anakuta meneja wa tawi ameidhinisha ununuzi wa shilingi milioni 12 na anauliza ni kwa mamlaka gani. Waraka wa bodi unasema milioni 5. Mfumo unasema milioni 15. Aliyebadilisha amekwishahamia kampuni nyingine, na akaunti yake ilifungwa siku aliyorudisha kitambulisho.

Kufungwa kwa akaunti kuna balaa lake pia. Viunganishi vinavyoruhusu mfumo kutuma barua pepe au kusoma orodha za bidhaa hufunguliwa kwa jina la mtu. Akaunti ya mtu huyo ikifa, viunganishi navyo hufa, na ofisi hugundua siku ambayo idhini hazifiki kwa yeyote.

Jinsi chombo kinavyofanya kazi

Chombo cha pac kinapatikana bure. Fundi anaweza kukiweka kama nyongeza katika programu ya Visual Studio Code, kukipakua kama programu ya kawaida ya Windows, au kukiweka kupitia mfumo wa .NET, njia ambayo inakubali pia kompyuta za macOS na Linux, ingawa kuna amri chache zinazotaka Windows tu.

Kazi huanza kwa kujitambulisha. Amri ya pac auth create hufungua mlango wa mazingira fulani, na pac auth list huonyesha milango yote iliyokwisha kufunguliwa. Hapa wazembe huumia. Mwenye milango mitatu, wa kutengenezea, wa majaribio na wa kazi halisi, anaweza kudhani yuko kwenye majaribio kumbe amesimama katikati ya mfumo unaotumiwa na wateja. Amri ya pac org who humwambia yuko wapi, na fundi makini huiandika kabla ya kugusa chochote, kama mtunza fedha anavyosoma jina kwenye hundi kabla ya kusaini.

Baada ya hapo mfumo wenyewe huchukuliwa. Microsoft hutaka vitu vyote vya mfumo mmoja, yaani majedwali, fomu, skrini na mitiririko, viwekwe ndani ya kifurushi kimoja. Kama kifurushi cha manunuzi kimepewa jina Manunuzi, amri ni hii:

pac solution export --name Manunuzi --path Manunuzi.zip

Matokeo ni faili moja lililobanwa. Kwa hatua hiyo tu kampuni tayari ina kitu cha kuweka kwenye sefu, lakini faili lililobanwa halisomeki. Ndipo inapokuja amri ya pili:

pac solution unpack --zipfile Manunuzi.zip --folder manunuzi

Hiyo ndiyo amri yenye thamani kuliko zote. Kifurushi hupasuliwa kuwa folda zenye mafaili mengi madogo ya maandishi. Kila jedwali lina folda yake, na kila mtiririko wa kazi una faili lake. Ndani ya faili la mtiririko wa idhini, kile kiwango cha 5000000 kinaonekana kwa macho, kimeandikwa kwenye mstari wake, na hata mhasibu asiyejua programu anaweza kukitafuta na kukipata.

Mafaili hayo huwekwa kwenye Git, daftari la matoleo lililobuniwa mwaka 2005 na Linus Torvalds kwa ajili ya waandishi wa Linux. Git hukumbuka kila hali ambayo faili limewahi kuwa nayo. Kifurushi kikitolewa na kupasuliwa kila usiku, mabadiliko ya siku ile yanasomeka asubuhi: mstari wa zamani kwa alama ya kutoa, mpya kwa alama ya kujumlisha. Katika mfano wa saruji, ile Ijumaa isingejificha. Jumamosi asubuhi daftari lingeonyesha 5000000 imetoka na 15000000 imeingia.

Gharama ya daftari hilo ni ndogo au hakuna. GitHub, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5, imekuwa ikitoa maghala ya faragha bila malipo hata kwa timu tangu Aprili 2020.

Jambo moja halina budi kusemwa, maana wauzaji wa huduma hupenda kuliruka. Daftari linaonyesha nini kilibadilika na kati ya siku gani na gani. Jina linaloandikwa ni la aliyetoa nakala na kuihifadhi, ambaye si lazima awe ndiye aliyebonyeza. Anayetaka jina la mbonyezaji atalitafuta kwenye kumbukumbu za ukaguzi za Microsoft zenyewe, kama ziliwashwa. Hata hivyo, kujua kwamba kiwango kilibadilika kati ya Alhamisi usiku na Ijumaa usiku ni nusu ya kazi ya mkaguzi.

Na si kila kitu husomeka kwa urahisi. Skrini za mfumo zilizochorwa kwa uhuru hukaa ndani ya faili lililobanwa lenye mwisho wa msapp, ambalo kupasua kifurushi kwa kawaida hakulifungui. Kwa hiyo masharti ya idhini yaliyo kwenye mtiririko hulindwa vizuri na njia hii kuliko masharti yaliyofichwa nyuma ya kitufe kwenye skrini. Kampuni inayoanza leo ingefanya vyema kumwambia mtengenezaji wake aweke viwango vya fedha mahali panaposomeka.

Kuhama kutoka chumba hadi chumba

Faida nyingine ya amri ni kwamba mfumo unaweza kuhama bila kujengwa upya. Bila chombo hiki, anayetaka mabadiliko hujaribu palepale kwenye mfumo unaofanya kazi, wakati makarani wa matawi wanauingizia LPO. Ni sawa na kutengeneza breki za lori likiwa barabarani.

Utaratibu unaokubalika ni wa mazingira matatu. Kazi hufanyika kwenye mazingira ya kutengenezea, ambayo fundi anaweza kuyapata bure kwa mpango wa Microsoft wa watengenezaji. Kifurushi hutolewa, hukaguliwa kwa amri ya pac solution check inayotafuta makosa yanayojulikana, halafu huingizwa kwenye majaribio kwa pac solution import. Wakishakubali wale watakaoutumia, kifurushi hichohicho, bila kuguswa, huingizwa kwenye mazingira ya kazi.

Tatizo la viunganishi na anwani zinazotofautiana kati ya chumba na chumba nalo lina dawa. Amri ya pac solution create-settings hutoa faili lenye nafasi wazi, ambapo anayesimamia hujaza anwani ya barua pepe ya majaribio kwa chumba cha majaribio, na ya kweli kwa chumba cha kazi. Kampuni zenye uzoefu hazitumii jina la mtu katika hatua hii. Hufungua akaunti ya mfumo, isiyo na likizo wala barua ya kuacha kazi, na amri zote za usiku hupita kwa akaunti hiyo. Mtu akiondoka, kazi inaendelea.

Kisanduku kilichosahaulika, 2021

Wanaodhani kwamba haya ni mambo ya watu wenye muda wa ziada wanaweza kutazama yaliyotokea Marekani mwaka 2021.

Mwezi Mei mwaka huo, kampuni ya usalama wa taarifa ya UpGuard iligundua tovuti iliyojengwa kwa Power Apps iliyokuwa ikimpa mtu yeyote orodha ya taarifa binafsi bila kuuliza nywila. Ilipoendelea kutafuta ilikuta nyingine, na nyingine. Taarifa yake ya Agosti 2021 ilihesabu taasisi 47 na kumbukumbu milioni 38 zilizokuwa wazi. Ndani yake mlikuwa na mashirika makubwa kama American Airlines na Ford, idara za serikali za majimbo na Microsoft yenyewe. Jimbo la Indiana peke yake lilikuwa na watu wapatao 750,000, ambao taarifa zao zilikusanywa wakati wa kufuatilia waliokutana na wagonjwa wa Covid-19.

Hakuna aliyevunja mlango. Orodha ziliwekwa zitoke kwa njia inayosomwa na mashine, na sharti la kuangalia ruhusa ya msomaji lilikuwa halijawashwa. Wakati ule hali ya kawaida ya bidhaa ilikuwa kutowasha. Mtengenezaji alitakiwa akumbuke mwenyewe. Baada ya tukio hilo Microsoft iligeuza mpangilio, ruhusa ikawa inawashwa tangu mwanzo kwa tovuti mpya, na ikatoa kifaa cha kukagua tovuti zilizokuwapo.

Tovuti hizo leo huitwa Power Pages, na chombo cha pac kina amri yake, pac pages download, inayoishusha tovuti nzima ikiwa folda na mafaili. Orodha zina folda yake, ruhusa za majedwali zina folda yake. Mtu wa pili, asiyehusika na kutengeneza, anaweza kukaa na mafaili hayo na kuuliza: orodha hii inatoka nje, ruhusa yake iko wapi? Swali hilo ni gumu kuliuliza kwa kuzungukazunguka kwenye skrini, kisanduku kimoja baada ya kingine, kurasa hamsini. Chombo kisingemzuia aliyesahau. Lakini kingempa mkaguzi kitu cha kukagua.

Kwa makampuni ya Afrika Mashariki suala hili limepata meno ya sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo adhabu yake ya kiutawala inaweza kufika shilingi za Kenya milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, yoyote iliyo ndogo. Tanzania nayo ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Duka linalokusanya majina na namba za simu za wateja kwa fomu ya kubonyeza liko ndani ya sheria hizo sawasawa na benki.

Mitego miwili

Mtego wa kwanza ni kudhani kwamba kifurushi ni nakala ya akiba ya kila kitu. Sivyo. Kifurushi kina umbo la majedwali, si yaliyomo. Aliyetoa Manunuzi.zip kila usiku kwa mwaka mzima ana nakala 365 za rafu, na hana hata LPO moja. Taarifa zenyewe hutolewa kwa njia nyingine, kwa mfano amri za pac data, au kwa nakala za mazingira mazima, ambazo Microsoft hutunza kwa kawaida siku 7, na siku 28 kwa mazingira ya kazi yenye programu za Dynamics 365. Ukaguzi wa mahesabu huangalia mwaka mzima, kwa hiyo siku 7 si kitu. Pac admin backup huchukua nakala ya mazingira kwa wakati anaoutaka msimamizi, na ni busara kuitumia kabla ya kila uingizaji mkubwa.

Mtego wa pili ni mkali zaidi. Vifurushi viko vya aina mbili, vilivyo wazi na vilivyofungwa. Kilicho wazi kinaweza kurekebishwa. Ndicho cha mazingira ya kutengenezea. Kilichofungwa, kinachopatikana kwa kuongeza neno --managed kwenye amri ya kutoa, hakirekebishwi moja kwa moja, na ndicho kinachofaa kupelekwa kwenye mazingira ya kazi ili makarani wasikichezee. Tofauti huonekana siku ya kuondoa. Kifurushi kilicho wazi kikifutwa, majedwali yake hubaki. Kifurushi kilichofungwa kikiondolewa, majedwali yaliyokuja nacho huondoka pamoja na kumbukumbu zote zilizomo. Fundi anayesafisha mazingira kwa haraka, akiona jina la zamani asilolijua, anaweza kuondoa mauzo ya miaka miwili kwa amri moja fupi isiyo na kelele. Katika dirisha jeusi hakuna picha ya ndoo ya takataka ya kumtahadharisha mtu.

Wauzaji wengine

Microsoft si peke yake. Salesforce ilifungulia wateja wote njia yake ya amri mwaka 2017, ikianza na jina sfdx na baadaye sf, na watengenezaji wake hushusha na kupandisha mifumo kwa amri za sf project retrieve start na sf project deploy start. Wenye kanzidata ya Oracle wana APEX, iliyoanza mwaka 2004 kwa jina la HTML DB, na ambayo hailipiwi leseni ya ziada. Chombo chake cha amri, SQLcl, hutoa mfumo kwa apex export na kinaweza kuugawa katika mafaili madogo. Majina yanatofautiana, mantiki ni ileile.

Kwenye mkataba

Kampuni nyingi ndogo haziajiri fundi wa kukaa. Hutoa kazi kwa mtaalamu wa nje anayelipwa kwa mradi. Hapo ndipo maneno ya mkataba yanapokuwa na bei.

Mtaalamu anaweza kukabidhi kifurushi kilichofungwa peke yake. Mfumo utafanya kazi, malipo ya mwisho yatatoka, na watu watapeana mikono. Mwaka unaofuata, kiwango cha LPO kikitakiwa kupanda au tawi jipya likifunguliwa, mteja atagundua kwamba hawezi kuurekebisha mfumo huo kama ulivyojengwa, kwa sababu kifurushi kilicho wazi kiko kwenye kompyuta na mazingira ya mtaalamu. Atarudi kwake, kwa bei atakayopangiwa, au ataanza upya kwa mwingine.

Mkataba unaomlinda mteja hutaja vitu vinne vya kukabidhiwa kabla ya malipo ya mwisho: kifurushi kilicho wazi; ghala la Git lenye mafaili yaliyopasuliwa, lililofunguliwa kwa jina la kampuni; faili la mipangilio ya kila mazingira; na akaunti ya mfumo ambayo siri yake imewekwa na mteja mwenyewe. Makabidhiano hujaribiwa kwa njia moja tu. Mtu mwingine, mbali na aliyejenga, hukaa kwenye kompyuta ngeni, huchukua mafaili kutoka kwenye ghala, huyafunga kwa pac solution pack, huyaingiza kwenye mazingira matupu, na LPO ya majaribio ya shilingi milioni 6 hutumwa ili kuona kama itafika kwa mkurugenzi wa fedha.